Mzani umegoma kushuka baada ya operesheni ya kupunguza tumbo: uzi wa tuliopitia

#1 Mtoa mada

Habari zenu wanajamvi.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kila nikichangia mada za afya humu, inboksi inajaa swali lilelile: "Dada, mzani umesimama, nifanyeje?" Anayeuliza mmoja ana mwezi tu tangu atoke kwenye chumba cha upasuaji. Mwingine yuko mwaka wa pili. Hawa hawaumwi ugonjwa mmoja, kwa hiyo hawawezi kupewa dawa moja, na naumia nikiona wote wanajibiwa "punguza kula" kana kwamba hawajapunguza kula hadi basi.

Mimi nilifanyiwa slivu, ile ambayo sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, karibu robo tatu au zaidi, inakatwa na kutolewa, unabaki na mfuko mwembamba kama ndizi. Niliingia nikiwa na kilo 124. Sasa nina 91, na hapo nimekaa zaidi ya nusu mwaka bila kusogea. Sukari imetulia, dawa za presha daktari amenipunguzia, napanda ngazi za ofisini bila kusimama katikati. Na bado ndugu, majirani, hata wafanyakazi wenzangu wananiuliza mbona nimeishia njiani.

Sijaishia njiani. Naomba tupige hesabu ambayo hospitali niliyofanyiwa haikunipigia hata mara moja. Nilioneshwa picha za watu kabla na baada, basi. Slivu kwa wastani hupunguza kama asilimia 25 hadi 30 ya uzito wote ulioanza nao, baipasi (ile ambayo mfuko unafanywa mdogo na kuunganishwa na utumbo mbele zaidi, chakula kiruke sehemu ya mwanzo) huwa inazidi kidogo. Chukua kilo zako za mwanzo, tafuta asilimia hizo, utoe. Kwangu mimi ni kilo 31 hadi 37, yaani natarajiwa kutua kati ya 87 na 93. Niko 91. Operesheni imefanya kazi yake yote. Zile kilo 65 nilizokuwa nazo kichwani zilitoka kwenye picha yangu ya sekondari na maneno ya shangazi, hazikutoka kwa daktari wala kwenye kitabu chochote cha tiba.

Kuna utafiti mkubwa wa Uswidi ulioanza mwaka 1987, uliofuatilia watu waliofanyiwa operesheni hizi na wenzao wanene ambao hawakufanyiwa. Matokeo yaliyochapishwa 2007 yalionesha kwamba waliofanyiwa baipasi walifika chini kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, wakiwa wamepungua asilimia 32. Baada ya miaka 10 walikuwa kwenye asilimia 25. Maana yake kilo kadhaa zilirudi, kwa wastani, hata kwa kundi linalohesabiwa kuwa limefanikiwa. Wenzao ambao hawakufanyiwa walibaki palepale miaka yote hiyo. Na waliofanyiwa operesheni walikufa wachache zaidi. Hilo la mwisho ndilo lililonipeleka mimi kwenye kisu, kwa sababu kwetu kisukari kimeshaondoka na watu.

Sasa kusimama kwa mzani kuna aina zake.

Ya kwanza inakuja kati ya wiki ya tatu na ya tano, na inampata karibu kila mtu. Mwili unahifadhi akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inashikana na maji kama gramu tatu hivi. Siku za mwanzo unakunywa supu na maji tu, akiba inaisha, maji yanatoka nayo, mzani unaporomoka mpaka unaogopa. Ukianza kula vyakula laini mwili unarudisha akiba kidogo na maji yake. Mafuta yanaendelea kuyeyuka, ila maji yanayorudi yanafunika kilo zilizoondoka. Inaweza kuchukua wiki moja, inaweza kuchukua tatu. Hapa hakuna cha kufanya zaidi ya kufuata ratiba uliyopewa.

Ya pili inakuja miezi ya katikati, na inakuja zaidi ya mara moja. Daladala iliyoshusha abiria nusu haichomi mafuta sawa na iliyojaa. Mwili wa kilo 100 unahitaji chakula kidogo kuliko ulipokuwa na 124, na kuna ushahidi kwamba unabana matumizi hata kuliko ambavyo kilo peke yake zingeeleza. Ukiongeza na misuli iliyoyeyuka kwa kukosa protini, ndiyo unapata mtu anayekula vijiko vinne na hashuki. Hapa kuna cha kufanya, na nawaachia wenye taaluma waje waeleze.

Ya tatu ni hii yangu, baada ya mwaka au mwaka na nusu. Mwili umetua. Wengi wetu hatutaki kusikia hili, lakini bora nilisemee hapa kuliko mtu aende kununua chai za kuharisha na vidonge visivyo na jina.

Karibuni.

#2 Mama Temeke

Asante sana mtoa mada, umenikuta kwenye kilio. Mimi niko wiki ya nne. Wiki mbili za kwanza nilipungua kilo 9, nikampigia mama yangu kijijini tukafurahi. Sasa tangu wiki iliyopita mzani haujashuka, na leo asubuhi umepanda gramu 600. Nakula vijiko vitatu vya uji mzito na mtindi, nikizidisha kimoja kifua kinabana mpaka machozi. Mume wangu hajasema kitu kibaya ila aliuliza tu, "Kwani zile hela tulizotoa zinafanya kazi?" Tuliuza kiwanja. Nimekaa bafuni nimelia.

#3 Mtoa mada

Pole sana mama. Hicho ndicho kile cha wiki ya tatu hadi ya tano nilichokieleza juu. Kilo 9 ndani ya wiki mbili haziwezi kuwa mafuta matupu, nyingi ni maji, na sasa yanarudi kiasi. Mwoneshe baba watoto uzi huu, asome mwenyewe. Na umwambie malipo ya kiwanja chenu yanaangaliwa kwenye sukari, presha, usingizi na magoti, na mzani uangaliwe baada ya miezi.

Naomba pia huo mzani wa kioo uutoe chumbani. Pima siku moja kwa wiki, asubuhi, ukishatoka chooni, kabla ya chai, nguo zilezile. Choo kikifunga siku tatu unapanda. Ukikaribia siku zako za mwezi unapanda. Ukinywa supu yenye chumvi nyingi jana yake unapanda. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho ni mafuta.

#4 Afisa Lishe

Nimesoma, mtoa mada ameeleza vizuri. Mimi ni mtu wa lishe hospitalini na nakutana na wagonjwa wa aina hii. Niongezee kwenye kile kituo cha katikati.

Swali langu la kwanza kwa mgonjwa aliyesimama ni protini. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Watu wanaitikia kwa kichwa, lakini ukikaa nao ukahesabu jana alikula nini, unakuta gramu 30. Asubuhi uji wa ulezi, mchana ndizi laini na mchuzi, jioni parachichi na juisi. Chakula kizuri, cha nyumbani, na mgonjwa anaamini kabisa amekula vizuri, ila protini haipo. Yai moja lina gramu 6. Glasi ya maziwa au mtindi inakaribia 8. Kipande cha samaki au kuku kinachojaa kiganja bila vidole kinakupa 20 au zaidi. Dagaa wakavu ni hazina, kinachowashinda watu ni ule ukavu kooni: waroweke, watoe vichwa, wachemshe mpaka walainike, halafu uwaunge na nyanya bila kuwakaanga. Maharage yapondeponde, mfuko mdogo unayapokea vizuri zaidi. Protini ndiyo inatangulia mdomoni, kisha mboga, na ugali au wali ukipata nafasi.

Cha pili ni vyakula vinavyoteleza. Mfuko uliopunguzwa unazuia chakula kigumu, kinakaa, unashiba. Lakini chai ya maziwa yenye sukari, juisi ya miwa, soda, aiskrimu, krispi zinazoyeyuka mdomoni, maandazi yaliyochovywa kwenye chai, vyote vinapita moja kwa moja bila kukushibisha. Mtu anaweza kuwa anakula vijiko vinne vya chakula na bado anaingiza kalori 1,500 kwa kunywa. Ndiyo maana tunasema usinywe kitu wakati wa kula, na baada ya kula usubiri kama nusu saa. Maji yenyewe yasipungue lita moja na nusu kwa siku, kwa kunywa kidogokidogo.

Cha tatu ni misuli. Kutembea ni kuzuri, lakini kutembea peke yake hakulindi misuli. Nyanyua kitu. Dumu la maji la lita 5 kila mkono linatosha kuanzia, au kuchuchumaa na kusimama kwenye kiti, mara tatu kwa wiki, ukisharuhusiwa na daktari wako.

#5 Dereva wa Pwani

Salaam kutoka Mombasa. Mie nilifanyiwa baipasi, na hayo ya Afisa Lishe ni kweli tupu. Kazi yangu ni lori, safari ndefu, na barabarani hamna mtu anakuuzia samaki wa kuchemsha. Kuna chai, mahamri, njugu na korosho. Mwaka wa kwanza nikinywa kitu tamu tu jasho lanitoka, moyo wadunda, natetemeka, lazima niegeshe gari. Ile ilikuwa yanilinda. Sasa imepungua sana, chai ya sukari yashuka salama, na kilo tano zimerudi.

Korosho ndizo zilizonishangaza, maana nilijua ni chakula cha afya. Daktari wa lishe akanipimia kwenye sahani: gramu 100 zina kalori zaidi ya 500, na gramu 100 kwa dereva aliye na mfuko wa korosho kitini ni kitu cha kutoka Voi kufika Mtito Andei.

Sasa hivi mke wangu anipikia mayai ya kuchemsha usiku, nabeba na maziwa lala kwenye kikasha cha barafu. Kilo mbili zimeondoka. Tatu hazijaondoka na nishaambiwa huenda zisiondoke. Nimekubali. Nilikuwa nalala na mashine ya kupumulia, leo siitumii.

#6 Mama Temeke

Afisa Lishe, na nywele je? Mwenzangu tuliyefanyiwa naye pamoja aliambiwa zitadondoka. Naogopa.

#7 Afisa Lishe

Zinadondoka kwa wengi kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Mwili umepata mshtuko wa operesheni na kupungua haraka, kwa hiyo nywele nyingi zinaingia kwenye mapumziko kwa pamoja. Zinarudi zenyewe. Zikiendelea kudondoka baada ya mwaka, hapo tunatafuta upungufu wa madini ya chuma, zinki au protini. Usisuke rasta nzito kipindi hicho, zinavuta.

#8 Binti Kariakoo

Mimi nina jambo ambalo sijaona likisemwa. Nimepungua kilo 38 na nimesimama. Mzani hata haunisumbui tena. Kinachonisumbua ni macho ya watu. Nilipokuwa mnene nilitukanwa unene. Sasa uso umesinyaa, ngozi ya mikono inaning'inia, na mtaani wanasema nimeukwaa. Kuna mama mmoja jirani alinijia na majani ya mwarobaini kwenye kitenge, akanishika mkono kwa huruma, akaniambia dawa za hospitali ninywe bila kuona aibu. Sikumwambia mtu kama nilifanyiwa operesheni, kwa hiyo sikuwa na la kumjibu. Na kwenye harusi ya mdogo wangu juzi nilipewa sinia la pilau na wifi zangu, nikala matonge matatu, mama mkwe akasema kwa sauti kwamba chakula cha kwao siku hizi hakinifai.

Kuna siku natamani hata kilo kumi zirudi ili wanyamaze.

#9 Mtoa mada

Binti, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Pole sana, na asante kwa kuusema, maana wengi tunaubeba kimya.

Maneno ya "ameukwaa" nimeyasikia na mimi. Kwetu mtu akikonda ghafla watu wanakumbuka miaka ile mibaya, na huyo mama wa mwarobaini moyoni mwake alikuja kukuokoa. Lakini hulazimiki kumweleza kila mtu. Mimi nilichagua watu wanne: mama yangu, dada yangu, bosi wangu kwa sababu ya likizo, na shoga yangu mmoja. Hao wanne ndio wanaojibu kwa niaba yangu. Mama mkwe wako mimi ningemweka kwenye orodha ya kuambiwa, kama mume anaridhia, tena aambiwe na mwanawe. Mtu anayejua kwamba umekatwa tumbo hakasiriki ukila matonge matatu. Anayedhani unamdharau mapishi yake atakasirika kila sherehe mpaka uchoke.

Kuhusu kutamani kilo zirudi: ukiona mawazo hayo yanakaa, au umeanza kukosa usingizi, au unakula kwa kujificha, mwambie daktari wako akuunganishe na mtaalamu wa saikolojia. Hospitali zinazofanya kazi hii vizuri zinaye kwenye timu. Chakula kilikuwa faraja kwa wengi wetu, operesheni imetunyang'anya hiyo faraja kwa siku moja, na hakuna aliyetufundisha tuweke nini mahali pake.

#10 Mkuu wa Kaya

Wakuu, mimi bado. Nina kilo 140, kisukari, na nataka niwekewe puto kwanza maana naogopa kisu. Hayo mnayosema yananihusu?

#11 Afisa Lishe

Mkuu, puto ni kitu tofauti. Hukatwi kitu, linaingizwa tumboni kupitia mdomoni, linajazwa, na mengi hutolewa baada ya miezi sita hivi. Linapunguza kilo chache kuliko slivu, na likishatolewa njaa inarudi, hivyo kurudisha uzito ni rahisi zaidi. Kwa kilo zako na kisukari, muulize daktari akueleze vyote viwili kwa asilimia ya uzito wako, kama mtoa mada alivyofanya pale juu. Akikuonesha picha tu, muombe asilimia.

#12 Dada wa Zamu

Naingilia kidogo, mimi ni nesi. Kwa wakina dada waliosimama: angalieni na dawa mnazotumia. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu inawaongeza uzito baadhi ya wanawake. Insulini nayo, vidonge vya steroidi navyo, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. ILA msiache chochote wenyewe. Baada ya operesheni unashauriwa usishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na wengi hushika haraka kwa sababu kupungua kunarudisha hedhi zilizokuwa zimepotea. Nenda kliniki uulizie kitanzi kile kisicho na homoni. Waliofanyiwa baipasi wasitegemee vidonge vya uzazi wa mpango vya kumeza, vinaweza kufyonzwa vibaya.

Na waliofanyiwa baipasi wakiumwa kichwa au mgongo wasimeze diklofenaki wala ibuprofeni. Zinachimba vidonda pale mfuko ulipounganishwa na utumbo. Parasetamoli.

#13 Mgeni wa Jamvi

Samahanini, naandika kwa niaba ya dada yangu. Ana mwezi na nusu tangu afanyiwe slivu. Yeye hajasimama, anashuka sana, tunafurahi, ila anatapika kila akila, sasa ni wiki ya pili. Hata maji mengine yanarudi. Tangu jana anasema anaona vitu viwiliviwili na akisimama anayumba. Tunadhani ni njaa. Kuna zahanati jirani wanataka kumtundikia dripu ya glukosi apate nguvu.

#14 Dada wa Zamu

MPELEKENI HOSPITALI KUBWA SASA HIVI, msisubiri asubuhi. Kutapika wiki mbili baada ya operesheni hii kunamaliza vitamini B1 (tiamini) mwilini, na kuona viwiliviwili na kuyumba ni dalili kwamba ubongo umeanza kuguswa. Glukosi ikitangulia bila B1 inaweza kumzidishia. Mkifika mapokezi semeni hivi: "Amefanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo, anatapika wiki mbili, anaona viwiliviwili, tunaomba apewe tiamini ya mshipani kabla ya dripu ya sukari." Mpigieni na daktari aliyemfanyia. Huenda mfuko umebana mahali, wataangalia.

#15 Mgeni wa Jamvi

Tumeita bajaji. Asanteni.

#16 Mtoa mada

Tunawaombea. Mkipata nafasi mtupe taarifa.

Kwa wengine wote: kushuka haraka siyo kila mara habari njema, na huyu dada angepongezwa na mtaa mzima wiki hii. Kutapika kusikoisha, maumivu makali ya tumbo, homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, mguu mmoja kuvimba, kukosa pumzi, hayo ni ya hospitali, hayajadiliwi humu.

#17 Dereva wa Pwani

Mie vitamini naambiwa ni za maisha. Ni kweli, au ni biashara ya duka la dawa?

#18 Afisa Lishe

Ni kweli, na kwa baipasi ni zaidi. Kila siku multivitamini kamili, kalisi ya sitreti jumla ya miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa kugawanya, vitamini D, B12, na madini ya chuma hasa kwa wanawake wanaopata hedhi. Chuma na kalisi usimeze pamoja, ziachanishe masaa mawili. Chai ya rangi nayo inazuia chuma, kwa hiyo usikimezee chai.

Vipimo vya kuomba mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi mwaka wa kwanza: wingi wa damu, feritini, B12, foleti, vitamini D, kalisi, albumini, figo, ini, na sukari ya miezi mitatu. Anayehisi baridi na uchovu huku mzani umekwama aongeze na kipimo cha tezi ya shingo. Majibu yatunzeni kwenye daftari moja, maana kila hospitali mtakayokwenda wataanza kuwauliza upya.